Kadi za Chiriku wa Korogwe

Usiku ule nililala bila kula. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu tumzike Bi Zaina. Mchana wake mwanawe alikuwa amekuja kibandani kuniletea suruali ya kupunguza, akasema kama mtu anayepita tu, "Mama alikuwa anakusifu sana, Fundi. Alisema katika wote ni wewe uliyebaki." Niliipima suruali ile mara mbili na bado nikaikata vibaya.

Bi Zaina na mimi tulikuwa watuma salamu. Wa umri wetu wanajua. Unanunua kadi ya salamu, unaandika jina lako, majina ya unaowasalimia, na mwishoni ujumbe mfupi, kisha unaitumbukiza kwenye sanduku la redio pale duka la madaftari, karibu na stendi. Jumamosi alasiri mtangazaji anazisoma. Kila mtu alikuwa na jina lake la hewani. Yeye alikuwa Chiriku wa Korogwe, mimi Fundi Sindano. Tulikuwa na klabu, tukawa na sare ya kitenge, na sheria moja iliyozitangulia nyingine zote: ukisalimiwa, jibu. Mwenzetu akifa, watu walitoka Muheza, Lushoto, hata Maramba, watu ambao hawakuwahi kumwona marehemu kwa macho, wakamlilia kama ndugu.

Kisha zikaja simu. Kipindi kikawa kinasoma jumbe za simu tu, sanduku likaondolewa. Klabu ikahamia kwenye kundi la WhatsApp, na huko salamu zikawa picha za maua zenye maneno ambayo hakuna aliyeyaandika mwenyewe. Wengi walizima mlio wa kundi. Mimi pia niliuzima.

Bi Zaina hakuwa na simu ya namna hiyo, na mguu ulikuwa umemvimba, hatoki. Kila Alhamisi nilipita kwake kuchukua kadi nimpelekee. "Fundi wewe," alikuwa akisema, "suruali ya mtu unakaa nayo wiki tatu. Kadi yangu usiipeleke kwa mwendo huo." Siku sanduku lilipoondolewa nilikwenda nikiwa nimekusudia kumwambia. Alikuwa ameshika kadi mkononi na chai ameshanimiminia. Nikaichukua. Wiki iliyofuata nikachukua nyingine. Nikawa nazitia kwenye droo ya cherehani.

Ningeweza kuyaandika majina yale kwenye simu yangu nikayatuma. Ni kazi ya dakika tano. Sikufanya. Za kwangu nilizituma, na mara mbili zilisomwa. Alhamisi moja alinipokea anatabasamu. "Nimekusikia hewani, mdogo wangu. Mimi bado hawajanifikia. Na Mama Subira naye kimya, sijui nimemkosea nini." Mama Subira wa Maramba alikuwa rafiki yake wa hewani kwa miaka mingi, hawakuwahi kuonana. Nikamwambia siku hizi kadi ni nyingi mno. Nikanywa chai yake. Miezi minane ilipita hivyo, mpaka akafa.

Ndotoni niko kibandani na jua linawaka. Nashona shati la sare ya klabu. Kila nikimaliza mkono mmoja naona mwingine unaning'inia, haujashonwa. Bi Zaina anaingia kwa miguu yake, na miguu yote miwili imekonda kama ya msichana. Nilijua amekufa na sikuona ajabu. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba ataifungua droo.

Hakuifungua. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka kanga yake sawa.

"Twende," akasema. "Wanasoma sasa hivi."

Tulikuwa tumeshafika. Chumba cha redio kilikuwa jikoni kwake, maikrofoni imesimama juu ya kinu kilichofudikizwa. Mtangazaji hayupo. Ananisogezea kibao cha kukalia, yeye anakaa pembeni anachuja tui, na kadi ziko mapajani mwangu, zote, zimenasa vipande vya uzi. Nasoma ya juu. Salamu kutoka kwa Chiriku wa Korogwe, zimfikie kwanza Fundi Sindano, ambaye ndiye miguu yangu. Nachukua ya pili. Wa kwanza ni mimi. Ya tatu, mimi. Nataka kumwambia, dada, sikuzipeleka. Nafungua mdomo, na sauti inayotoka ni ile sauti changamfu ya redioni: wasikilizaji, kadi ni nyingi, kadi ni nyingi mno leo. Yeye anaendelea kukamua machicha. Hanitazami.

Halafu tuko uani na mikeka ya msiba imetandikwa. Mikeka ni mingi, kama zamani. Watu hawapo. Kila mahali ambapo mtu angekaa pamelazwa simu, kioo juu. Bi Zaina anapita safu kwa safu, anainama kwa kila moja. "Hujambo? Umeshindaje? Wanao?" Simu inatetemeka kidogo juu ya mkeka kama mende aliyelala chali, kisha inanyamaza. Anakwenda kwa inayofuata. Anasalimia zote, bila haraka, bila kuchukia. Anafika kwenye yangu; naijua kwa ufa wake. Anainama hapo zaidi kuliko kwingine kote.

"Hujambo, mdogo wangu?"

Ile hata kutetemeka haikutetemeka.

"Nilizificha," nikasema. Safari hii sauti ilikuwa yangu.

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Hujui kudanganya, Fundi. Ulikuwa unakunywa chai yangu unatazama mlango."

"Mbona hukusema?"

Alinyanyuka pole pole, akajipangusa magoti. "Ningesema, ungeacha kuja."

Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, katikati ya simu zile, na nikawa nasema samahani, samahani, na kila nikisema naona yuko mbali zaidi, ingawa hatembei. Nikamwita. Nikamuuliza nifanye nini.

"Mama Subira hajui," akasema. Alikuwa mbali lakini alisema kama aliye kando yangu. "Usimwanzie na kifo changu. Mtu huanza na salamu."

Mkono ulinishika bega. Alikuwa mke wangu.

"Baba Rehema, unamwomba nani samahani?"

Adhana ya alfajiri ilikuwa inaadhiniwa. Nikamsimulia yote, na ya droo pia, ambayo nilikuwa sijamwambia yeyote. Nilidhani atanifariji.

"Ndoto haipeleki kadi," akasema, akaenda kuwasha moto.

Kulipokucha vizuri nilitafuta namba ya Mama Subira kwenye daftari la zamani la klabu, nikaketi kibandani kabla ya kufungua, kadi zote mezani nimezipanga kwa wiki zake. Simu iliita sana.

"Fundi Sindano?" akasema nilipojitaja. "Wewe upo? Mimi nilidhani mmeshakufa wote huko Korogwe."

Nikamsalimia. Nikamuuliza hali, watoto, mashamba. Kisha nikamwambia kwamba Chiriku alimwandikia kila wiki, na kadi zilikuwa kwangu, na sikuzituma. Nilimwambia hakuna aliyenizuia. Nikasikia kuku upande wake.

"Mtu mbaya wewe," akasema taratibu. "Miezi yote hii nimemnunia mwenzangu kwa sababu yako."

"Ndiyo, mama."

"Ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Soma."

Nikasoma. Salamu kutoka kwa Chiriku wa Korogwe, zimfikie Fundi Sindano, zimfikie Mama Subira wa Maramba, anayedai kwao hakuna mbu. Ujumbe: ukimya wa rafiki una kelele kuliko redio ya jirani. Mama Subira akacheka, akasema mbu wenyewe wanatoka huko huko Korogwe. Nikasoma ya pili na ya tatu. Mteja alikuja, nikamwonyesha kwa mkono asubiri, akachoka, akaondoka. Kufikia kadi za mwisho mwandiko ulikuwa umelegea na majina yamepungua. Ya thelathini na tatu ilikuwa na majina mawili tu, langu na lake, na pale pa ujumbe aliandika: mimi sina kinyongo, nyie je?

Mama Subira alipenga kamasi.

"Mwambie nimezipata," akasema. "Mwambie nami sina. Na mwambie atoe mkeka, Jumamosi napanda basi nakuja mwenyewe, anione sura. Umenisikia, Fundi? Leo leo umwambie."

Salamu zilikuwa zimekwisha zote. Ilibaki habari, na wa kuisema nilikuwa mimi.