Jaketi za Wageni

Mama mkwe wangu alizaliwa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Nyasa. Aliolewa akiwa binti, akaletwa huku Mafinga kwenye misonobari na baridi, akazaa, akazeeka. Mwaka juzi tulikuwa tunachambua maharage, akaniambia, "Mwanangu, nataka niuone ufukwe wa kwetu kabla macho hayajaniishia."

Ikombe hakufikiki kwa gari. Unafika Matema, halafu unapanda boti kufuata ukingo wa ziwa, au unatembea njia ya mawe ambayo magoti yake yasingeiweza. Nikamwahidi boti.

Mimi ni mtu wa Igowole, nimekulia kwenye chai. Maji mengi niliyoyajua ni ya mvua. Kwa hiyo niliuliza. Mteja wangu mmoja, mwanamke wa Kyela ninayemshonea, alinieleza kwamba ziwa hutulia asubuhi, na jua likipanda huanza kuvuma mwera, upepo wa kusini unaoinua mawimbi. Nikaamua tuondoke mapema na turudi kabla ya mchana, boti isiuache ukingo, kila mtu avae jaketi ya kujiokolea, na pale Matema tuache mtu anayejua tulikokwenda na saa ya kurudi. Nikampigia nahodha.

"Jaketi zipo?"

"Zipo dada, ondoa shaka."

"Na boti inabeba watu wangapi?"

"Wanane kwa raha zao."

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alicheka mpaka akajifuta machozi. Yeye ni dereva wa lori la mbao na anaamini hakuna safari asiyoijua. "Shemeji, tunakwenda kutembea au kupigana vita? Yule mama kazaliwa majini!"

Mume wangu alikuwa kazini Mbeya, asingeweza kuja, na nilimhitaji shemeji atuendeshe.

Tulilala Matema. Asubuhi nilipofika ufukweni nilidhani nimekosea mahali. Shemeji alikuwa amealika rafiki zake na wake zao bila kuniambia, gari zima lililotufuata usiku, pamoja na spika kubwa na kreti za bia. Watu wasiopungua kumi na watano walikuwa wanapakia mizigo kwenye boti ya watu wanane. Ndani ya boti hapakuwa na jaketi hata moja.

"Jaketi ziko wapi?" nikamuuliza nahodha.

Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya wageni iliyokuwa jirani. "Zipo stoo kule. Lakini zile ni za wageni."

"Na sisi ni nani?"

"Wageni wa nje, dada. Wazungu."

Sijui niseme nini kuhusu hasira iliyonipanda. Nilikwenda kule. Msimamizi, kijana aliyevaa vizuri, akanieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa, kwamba jaketi zikitumiwa na kila mtu zitachakaa.

"Kwa hiyo Mzungu akizama ni msiba, mama yangu akizama ni nini?" nikamuuliza kwa sauti iliyowatoa wapishi jikoni. "Maji yanauliza pasipoti?"

Alifungua stoo. Zilikuwa nane, safi, zimetundikwa kama nguo za dukani.

Nikarudi nazo, nikasema wanapanda watu wanane tu, na spika inabaki. Rafiki mmoja wa shemeji akaniita mwoga. Shemeji akasema nimemwaibisha mbele za watu. Hata mama mkwe alinigeuka. "Nilikuwa naogelea hapa nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Nivae hili gunia?" Nikavaa ya kwangu kwanza, nikafunga kamba zote, nikasimama nikimtazama. Akaguna, akanyoosha mikono. "Haya, nifunge. Lakini lisinikunjie khanga."

Kule Ikombe mama mkwe alimkuta mwanamke aliyecheza naye utotoni, kipofu sasa, ambaye alimtambua kwa sauti. Walikaa chini wameshikana mikono, wakiongea Kikisi, lugha ambayo katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akiitamka. Ningemwachia siku nzima kama ingewezekana.

Saa ya kurudi ilipofika, shemeji akataka tusubiri samaki waive. Nilikataa. Tulikuwa katikati ya safari mwera ulipoanza, mapema kuliko nilivyoambiwa, na injini ikakohoa, ikazima. Boti ikaanza kuyumba kiubavu. Shemeji, bingwa wa safari, alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili akiita jina la Yesu. Kwa kuwa hatukuuacha ukingo wa ziwa, nahodha alipiga kasia mpaka kwenye kipande cha mchanga chini ya mwamba, tukashuka tumelowa. Simu hazikushika. Tukakaa. Yule niliyemwachia habari Matema, mwanamke mmoja kati ya wale wapishi wa nyumba ya wageni, alipoona saa imepita alimtuma mtu na boti nyingine, wakatukuta tunatetemeka lakini tuko wote.

Wiki ile ile, kwenye kundi la simu la ukoo, shemeji aliweka picha ya mama akiwa na jaketi yake. Akaandika: "Tumemfikisha mama kwao salama. Safari inahitaji mpangilio." Pongezi zikamiminika. Mjomba mmoja akamwombea baraka. Mwingine akaandika kwamba ukoo unahitaji wanaume wa namna hiyo.

Nilijitoa kwenye kundi. Mume wangu akapiga simu kutoka Mbeya, akaniuliza, "Mbona umetoka, kuna nini?"

"Muulize mdogo wako," nikamwambia, "ni nani aliyezitoa zile jaketi stoo."

Mpaka leo hajamuuliza.