Mlango wa Kushoto wa Landrova ya Baba

Simu iliingia nikiwa nimepiga magoti juu ya turubai, nageuza mahindi kwa mikono kwa sababu mpini wa reki ulikuwa umevunjika. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na jua la Novemba lilikuwa zuri la kuanika. Nilikuwa nimefunga duka langu la ushonaji Kitale ili nimsaidie Baba huku Endebess. Nambari sikuijua.

"Wewe ni dada ya Ngige?" sauti ya mwanaume ikauliza.

"Ndiyo."

"Mimi ni Khaemba, tunafanya kazi pamoja hapa Bungoma. Dada, keti chini kwanza."

Nikamwambia nimeshaketi. Kumbe bado nilikuwa nimepiga magoti.

Ilikuwa pumu. Ilimshika akijitayarisha kwenda kazini, na walipomfikisha hospitalini alikuwa ameshakata roho. Miaka ishirini na tisa. Nakumbuka niliendelea kugeuza mahindi. Baba alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akaniuliza ni nani aliyepiga. Nikajibu, "Ni mtu wa Bungoma," kisha nikamwambia aweke ndoo chini.

Tulizaliwa wawili tu, Ngige na mimi Mary Ann. Mama yetu, Bilha, alitutangulia mwaka wa 2011. Kwa hivyo kamati ya mazishi ilipokaa, kazi ya kuandika historia ya marehemu iliniangukia mimi. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mpiga chapa aliitaka Alhamisi kabla ya saa nane. Niliandika alikozaliwa, shule alizosoma, mwaka aliobatizwa. Nilipofika mahali pa kusema alikuwa mtu wa namna gani, kalamu ilisimama. Watu wa kanisa letu walikuwa wanajua jibu moja, na niliyewapa jibu hilo ni mimi: Ngige ni mcheza kamari.

Acha nieleze. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akiishi kwangu Kitale, akitengeneza simu. Akipata nafasi anakaa mbele ya kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya zingine. Siku moja nilimpelekea chai nikakuta kioo kimejaa nambari: 1.33, 2.77, 0.42, safu kwa safu. Hapa kwetu kila mtu anazijua nambari za sura hiyo. Ndizo vijana wanazotazama kwenye simu wanapowekea timu za mpira pesa. Wanaziita odi.

"Ngige, hii ni nini?"

"Ni gari, dada. Ya game. Naiunda."

"Ati unaunda gari. Na hizi odi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Odi? Si hizi ni vipimo, bana! Wewe ungekuwa polisi ungeshika mwalimu wa hesabu."

Mimi sikucheka. Mwezi huohuo kijana wa jirani alikuwa ameuza ng'ombe wa mama yake kwa sababu ya mpira. Jumapili nikaandika kwenye karatasi ya maombi: ndugu yangu Ngige aokolewe kutoka kwa kamari. Nilidhani mchungaji angeombea ombi hilo kimyakimya. Alilisoma kwa sauti, kisha akamwita Ngige mbele.

Naye alienda. Hapo ndipo huwa nachanganyikiwa mpaka leo. Alitembea kutoka benchi la nyuma, akapiga magoti, akawekewa mikono, akasema amina. Njiani hakunigombeza. Wiki iliyofuata alihamia Bungoma, na tangu siku hiyo hakuingia nyumbani kwangu. Kwa Baba alikuja, lakini kwangu hapana. Alinipigia mara mojamoja, na maneno yake hayakuwa na kichwa wala miguu. Niliacha wapi futi yangu ya kushonea, ule utepe wa kupimia nguo, anataka kuiazima. Je, Landrova ya Baba ilipakwa rangi mara ngapi? Wakati mmoja alimpigia Baba akamuuliza gari lilikuwa likilia vipi likiingizwa gia ya pili mlimani. Baba akasimama uani akanguruma kwenye simu, kuku wakatawanyika.

Landrova yenyewe iko nyuma ya zizi, imekalia mawe tangu Mama afariki. Zamani ilibeba mikebe ya maziwa.

Jumatano nilienda Bungoma kuchukua suti ya kumvalisha. Khaemba ni kijana mrefu, mwenye duka la fotokopi na simu karibu na soko. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kama ningependa kuona gari.

"Gari gani?"

"Ya Ngige. Kwani hakukuonyesha?"

Akawasha kompyuta. Nikaona Landrova ya Baba. Si ya kufanana nayo: ile ile, ya kijani, taa moja imebonyea, imesimama kwenye barabara ya mawe. Khaemba akabonyeza, ikanguruma, ikapanda. Kila gurudumu lilipokanyaga jiwe, upande ule ulizama na mwingine ukainuka. Mlango wa kushoto ulifunguka kidogo, kisha ukavutwa na mkanda mweusi wa tyubu ya gurudumu. Mama ndiye aliyeufunga mkanda ule, kwa sababu kitasa kilikufa.

"Ndani yake ni vijiti tu, dada," Khaemba alisema. "Vijiti vimeshikana kwenye nukta, na kila nukta ina uzito wake. Ukikosea moja, gari inaruka inaanguka kama mlevi. Miezi nane ilikuwa inaanguka. Nikamwambia aweke milango iwe sawa, ni rahisi. Akakataa katakata."

"Na hiyo ni kazi ama ni mchezo?"

Alifikiri. "Sijui, dada. Kuna mtu wa Brazili anauliza kila wiki itatoka lini."

"Mtu wa Brazili anataka nini na gari la baba yangu?"

"Kuendesha, kwenye game, kwa kompyuta yake huko. Atapewa bure, kila mtu atapewa."

Nikakusanya nguvu nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa. Alikuwa akicheza kamari?

Khaemba alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Ngige? Huyo hata soda hakuwa anabeti. Tulimwita Pastor."

Alinipa suti, na daftari lenye zile nambari.

Nilirudi nyumbani bila kuamini. Mtu anaweza kukuonyesha chochote kwenye kioo, na rafiki humsafisha rafiki. Niliomba, nikaomba tena, nikawa sijui hata ninaomba nini. Kama daftari ni la kamari, basi nilikuwa mkweli na ndugu yangu ameenda na dhambi. Kama si la kamari, dhambi ni yangu. Sikujua nitamani lipi.

Alhamisi asubuhi nikachukua futi yangu nikaenda nyuma ya zizi. Baba akanifuata. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma futi haikutosha, kwa hivyo Baba alishika mwisho wake kwa kidole gumba, nikahamisha, nikaongeza. Sentimita mia mbili sabini na saba. Daftarini: 2.77. Gurudumu hadi gurudumu kwa upana, mia moja thelathini na tatu. Daftarini: 1.33.

"Unapima nini?" Baba akauliza.

"Ngige, Baba."

Akashika tena mwisho wa futi. Nikapima milango. Wa kushoto umeshuka sentimita mbili kuliko wa kulia. Kwenye daftari, kando ya nambari hiyo, kulikuwa na mwandiko wake: *Shusha 0.02. Usirekebishe. Ni wa Mama.*

Niliketi kwenye nyasi. Saa sita nikaandika: Ngige alikuwa fundi. Aliipima Landrova ya baba yake, akaiunda upya mahali ambapo bado inatembea. Hakuwahi kucheza kamari. Aliyesema hivyo ni dada yake, naye alikosea. Mpiga chapa aliniuliza kama hiyo sentensi ya mwisho iingie kweli. Nikamwambia iingie.

Bado sielewi gari lisiloweza kubeba hata mkebe mmoja. Sielewi kwa nini alipiga magoti siku ile. Labda alikuwa akininusuru mimi na aibu. Labda alikuwa anaomba tu, kama mtu mwingine yeyote. Mungu anajua, na hajaniambia.

Jumamosi mvua haikunyesha. Mwili ulifika saa tatu. Ibada ilifanyiwa uani, viti vikapangwa hadi nyuma ya zizi, watu wengine wakaegemea Landrova. Nilisoma historia mwenyewe. Nilipofika ile sentensi mchungaji akasogea akasimama karibu nami, nikaimaliza. Khaemba alikuwa amekuja na wenzake wanne kutoka Bungoma. Tulimzika kando ya Mama saa saba. Baba alitia udongo kwanza, halafu mimi, halafu Khaemba. Vijana wakachukua majembe wakajaza kaburi, wakapokezana. Tukaweka maua, mchungaji akatoa baraka, watu wakaenda kula.