Neno Lililokatikia Hewani

Mvua ikianza kunyesha huku Nyamitaba, nazima simu. Wajukuu wangu wanacheka, wanasema babu anaogopa radi. Nawaacha waamini hivyo. Ninachoogopa ni sauti ya mtu anayeongea kutoka mbali huku rezo, mtandao wa simu, inakwenda na kurudi, maneno yanafika vipande vipande, na mimi nalazimika kujaza pale palipobaki wazi. Nilijaza mara moja tu katika maisha yangu. Nilichojaza kilikuwa kifo cha mama yangu, naye alikuwa angali hai.

Wakati ule mama alikuwa amevimba miguu na kupumua kwa shida. Vijana wanne walimbeba kwa kipoyi, machela ya mianzi, wakamshusha milimani mpaka barabarani, na kutoka hapo gari likampeleka kwenye hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ni katekista, alikwenda naye. Mimi nilibaki. Nilisema ni kwa ajili ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Ukweli mwingine ni kwamba nilipenda kuwa yule anayepigiwa. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na simu, na kila habari ya familia ilipitia kwangu kabla ya kufika kwa wengine. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Siku za mvua rezo ilikamata mahali pamoja tu, kwenye kisiki cha mkalitusi juu ya malisho. Siku ya pili nilikuwa nimesimama juu ya kisiki hicho, upepo unavuma, manyunyu yanaanza, ndipo mdogo wangu akapiga.

"Kaka, unanisikia? Mama alif... ki..."

"Unasema nini?"

"...alif... ki... lete shuka nyeupe... tuko nangoja weye..."

Simu ikakatika, nami nikajaza: alifariki.

Kwetu mtu hasemi "alifariki" katika mazungumzo ya kawaida. Anasema "alikufa". "Alifariki" ni neno la redio na la kanisani. Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini nilijiambia kwamba mdogo wangu ni katekista, amechagua neno laini kwa ajili yangu. Na ile shuka nyeupe nikaielewa kwa namna moja tu. Alikuwa amesema: Mama alifika Kirotshe. Sikungoja hata manyunyu yaishe, wala sikumpigia tena kumuuliza. Nilimpigia dada yetu.

Dada yetu aliolewa mbali, Mpofi, upande wa Walikale, kwa watu wa msituni, wakulima na wawindaji. Kumpata kwa simu ilikuwa bahati. Siku ile bahati hiyo mbaya ilinikubalia mara ya kwanza tu.

"Allo! Kaka, ni weye? Miye niko mu maji huku, naloweka mihogo. Sema mbio, batri iko nakufa."

"Dada, kaa chini."

"Nikae chini mu maji? Weye naye!" Akacheka. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya maji.

"Mama alifariki," nikasema.

Nilisikia kitu kama jiwe linaloanguka mtoni. Baadaye nilijua kwamba ilikuwa simu yake.

Ni lazima nieleze jinsi baba yetu alivyofanya kazi hiyo ya kupeleka habari ya kifo, maana mara nyingi alitumwa yeye. Zamani habari ya kifo ilikwenda kwa miguu. Walitumwa watu wawili, kamwe si mmoja. Harusi, kuzaliwa kwa mtoto, ng'ombe aliyepotea, hayo yote mjumbe mmoja alitosha. Kifo kilibebwa na wawili. Wakifika hawakueleza safari yao. Walikaa, wakaomba maji. Majirani wakiona watu wawili wameketi wanaomba maji na hawasemi lolote, wamama wakubwa walianza kuja wenyewe polepole, mmoja huku na mwingine kule, mpaka mwenye msiba akazungukwa bila kujua, na mmoja wao ameshamshika mgongoni. Ndipo neno lilitoka. Baba alituambia kwamba mara mbili katika maisha yake alirudishwa njiani. Mtu alimkimbilia nyuma akipiga kelele: rudi, rudi, amefumbua macho.

Mimi nilimwambia dada yangu akiwa peke yake, maji yakimfika magotini, na hakuna mkono mgongoni mwake.

Alasiri mdogo wangu akapiga tena. Mbingu zilikuwa zimetulia, kila neno likafika zima.

"Kaka, ile shuka unaleta siku gani? Mama analala juu ya plastiki."

"Mama gani?"

"Weye unalewa? Mama yetu! Alikunywa uji, sasa iko anagombeza waganga wa hospitali juu uji haina chumvi."

Nilikaa kwenye nyasi mbichi. Kisha nikapiga namba ya dada, na mwanamke wa kwenye mashine akanijibu kwa Kifaransa, kwa upole, kwamba namba hiyo haipatikani. Nikapiga tena. Yule mwanamke nilimsikiliza siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka nikajua pale anapovuta pumzi. Bado namsikia. Hivi sasa mabati yakipigwa na matone ya kwanza ya mvua, namsikia yeye kwanza, halafu namsikia mdogo wangu: alif... ki...

Miguu yangu ilikuwa mizima wakati ule. Ningeondoka alasiri ileile ningefika Mpofi siku ya tatu. Dada alinyolewa nywele siku ya nne. Hesabu hiyo naifanya kila mara, na kila mara nafika kabla ya wembe. Lakini sikuondoka. Nilikuwa na simu mkononi, na mtu mwenye simu mkononi anaona kama ameshaanza safari.

Siku ya sita dada alipiga kwa simu ya jirani. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Kaka, mulimuzika wapi? Kando ya Papa?"

Nilimweleza yote kwa haraka nyuma ya nyumba, nikicheka kidogo kwa aibu. Mama alikuwa amesharudi nyumbani, ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Nikamwekea simu sikioni. "Mama, sema kitu."

"Mutoto wangu," mama akasema, "miye huyu. Watu wa kwako hawajambo?"

Upande ule kukatoka kilio kifupi, kama cha mtu aliyeungua, na simu ikakatwa.

Kesho yake aliyenipigia alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mzee ambaye nilimheshimu tangu siku ya harusi.

"Papa, hapa tulilia," akasema. "Tulilia siku zote, tukamaliza. Dada yako alinyolewa, tulimuosha mu mto. Sasa weye unasema yule tulimulilia iko anachambua maharagwe?"

"Ndiyo, njo vile, Mama. Nilikosea."

"Basi, kuja. Ile neno ulileta weye, kuja kuitosha weye, kuiondoa, hapa hapa mahali tulilia. Kwa miguu, na uje peke yako. Kabla ya pale, dada yako asimuone mama yake, na asisikie sauti yake. Atamufuata kwa wafu."

"Mama, miye ninakuambia sasa mu simu. Haitoshi?"

"Simu njo ilimuua," akasema. "Utamufufua nayo tena?"

Nilimaliza sekondari, idara ya ualimu. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba mambo ya msituni hayataniamrisha. Dada mwenyewe anaimba kwaya, nikasema, atazoea. Mke wangu aliendelea kumenya ndizi, akaniuliza tu: "Kwani kutembea ni zambi?"

Niliahidi kwenda. Kwanza ndama alizaliwa. Halafu yakaja mavuno ya maharagwe. Halafu njia ikafungwa na watu wenye bunduki, na hilo lilikuwa kweli. Lakini njia ilifunguka pia. Nilizijua siku zilizofunguka, maana simu iliniambia. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu njia ile isipokuwa namna ya kuikanyaga.

Badala yake nilijaribu ujanja. Binti yangu alikuwa amepata simu kubwa ya picha. Tulimpiga mama picha akiwa na kikapu chake, anatabasamu, tukamtumia dada, ambaye naye alikuwa amepewa simu ya namna hiyo. Jibu lilikuja kwa maandishi: "Kaka usinitumie tena mufu."

Mama hakuambiwa kitu. Hakujua kwamba aliwahi kuliliwa. Alijua tu kwamba binti yake hampigii, na kila Jumapili baada ya misa aliniomba: "Nipigie mutoto wangu." Mwanzoni nilipiga kweli, na dada akiona namba yangu alikata. Kisha nikaanza kupiga hewa. Naiweka simu sikioni na hakuna mtu ndani yake. "Ee, dada. Ee. Mihogo ilitoka vizuri? Asante Mungu. Mama anakusalimia." Nageuka: "Mama, anakusalimia sana." Nilikuwa hodari kwa kazi hiyo. Nilijua hata mahali pa kucheka.

Siku moja mama alininyang'anya simu kabla sijabonyeza, akataka kusikia mwenyewe. Nilipiga, maana sikuwa na njia nyingine. Aliyejibu alikuwa yule mwanamke wa mashine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Anaongea Kifaransa siku hizi?" akaniuliza.

"Wanajifunza kule, Mama."

"Aa! Na mihogo yake yote!" Alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Kicheko hicho ndicho kinachonirudia vibaya kuliko vyote, kwa sababu katikati yake aliacha kucheka, akaniangalia kwa muda mrefu, akanirudishia simu.

Hakuomba tena kupigiwa. Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja nilimkuta amejifunga kitenge kiunoni kwa ule mkazo wa wamama waliofiwa, na ameketi chini, si kwenye kiti.

"Nini, Mama?"

"Binti yangu alikufa," akasema. "Njo munanificha."

"Hapana! Ni mzima!"

"Basi aseme neno moja kwa sauti yake. Moja tu. Hata anitukane."

Nilisimama mbele yake na simu mkononi. Ningeweza kutoka saa ileile. Nilisema: "Kesho nitakwenda Mpofi, nirudi naye." Alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia tangazo la redio ya nchi nyingine. Kesho ilipofika goti liliniuma, na lilikuwa linauma kweli.

Hakulia kwa sauti. Alikaa chini, akala kidogo, akafunga kitenge vilevile kila asubuhi, na katika mwezi ule, jua likiwa limetoka na ng'ombe wakienda malishoni, mama alikufa. Alikufa akiwa katika matanga ya binti aliyekuwa hai, naye binti alikuwa ameshamaliza matanga yake. Kati yao hakukuwa na mtu mwingine ila mimi.

Mdogo wangu alitoa simu mfukoni. "Tumupigie dada?"

"Weka," nikasema. "Nitakwenda."

"Mazishi ni kesho, kaka. Hautakuwepo."

"Najua."

Nilimwachia simu yangu. Nilimwomba jirani mmoja, mtu mtulivu, anisindikize, tukaondoka na fimbo na viazi vya kuchemsha. Mama alizikwa mimi nikiwa njiani. Vijana wa pikipiki walisimama kila mara: "Papa, panda! Utafika leo!" Tulikataa. Nilikuwa na neno, na nilitaka kulichunguza njia nzima, nikigeuka nyuma mara kwa mara nione kama kuna mtu anayenikimbilia akipiga kelele, rudi, rudi. Siku zote tatu nilikuwa nageuka. Ilikuwa barabara tu, na matope, na wanawake wenye mizigo.

Mpofi tuliingia saa ya watu kuanika mihogo. Nilimwona dada kabla hajaniona. Nywele zilikuwa zimemrudi, nyingi nyeupe. Kisha akainua kichwa, akaniona naja kwenye njia, nimechoka, nimejaa vumbi, nina fimbo. Mihogo ikamtoka mikononi.

"Mama! Mama mkwe!" alipiga kelele. "Alikuja! Kaka alikuja kwa miguu!"

Akapiga vigelegele. Nilikuwa sijawahi kusikia vigelegele kama vile, hata harusini kwake. Wamama wakatoka majumbani wakicheka.

"Papa, miguu yako ilikuwa imepotelea wapi? Miaka mitatu!"

"Alikuwa anaitafuta mu simu!"

Dada alinishika mkono, akaniongoza katikati ya uwanja, mahali walipokuwa wamelia, akaniwekea kiti pale. Alikimbia ndani, akarudi na maji katika kikombe, kabla sijayaomba. Machozi na kicheko vilikuwa pamoja usoni mwake.

"Sema sasa, kaka," akasema. "Tosha ile neno. Kesho nitaenda kumuona. Nilimushonea nguo."

Nilikunywa maji. Mengine yakamwagika. Dada alikuwa ameshageuka kumpa kikombe cha pili yule jirani yangu, aliyekuwa amebaki nyuma kando ya ukuta na hakusema lolote. Mkono wake ukasimama hewani. Akamtazama, akanitazama mimi.

"Kaka," akauliza polepole, "juu ya nini muko wawili?"

Vigelegele vilikwisha kimoja kimoja. Mama mkwe wake, ambaye hakuuliza kitu, alisogea akamweka dada mkono mgongoni. Nilingoja mpaka wengine nao wamefika karibu. Halafu nilisema "alikufa", neno zima, mpaka mwisho wake.