Nusu Saa ya Kugombana

Mwanawe alimwambia mara tatu kwenye simu: ukishuka ndege ya kwanza kaa kwenye kiti, usiongee na mtu, usitoke nje, ngoja ya pili. Ni saa sita tu, mama, zitapita. Mama Pindo aliitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, huku akishindilia mito miwili kwenye begi la mkononi ambalo halikuwa na kitu kingine. Mumewe aliiona ile mito akauliza ni ya nini. Akajibiwa kwamba viti vya ndege ni vigumu. Mumewe, aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na kumwona akisinzia hata juu ya gunia la vitambaa, alimsaidia kufunga zipu.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, na si kwa heshima. Alikuwa fundi cherehani, na kila aliyekwenda kuchukua nguo yake aliambiwa tayari, imebaki pindo tu. Wapo walioambiwa imebaki pindo tu mpaka aliyeshonewa gauni la ubarikio akaolewa. Lakini kazi yake ilikuwa safi, kwa hiyo walimtukana na kurudi.

Safari hii alikuwa anakwenda kumshika mjukuu wake wa kwanza, na tiketi alikatiwa na mwanawe. Ratiba ilipomfikia, hakutazama bei wala namba ya kiti. Alitazama jina la jiji ambako angebadilisha ndege. Katika jiji hilo, ghorofa ya tatu, nyuma ya duka la vioo, aliishi mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hawakuwa wamesemeshana naye kwa miaka kumi na moja.

Chanzo kilikuwa cherehani. Mama yao naye alikuwa fundi, na alipofariki aliacha cherehani moja ya miguu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika, na mabinti wawili wenye ufundi mmoja na ukaidi mmoja. Mjomba akaitwa aamue. Mjomba alikuwa na njaa, na mwenye njaa hukata kesi haraka. Akasema mkubwa achukue meza na pedali yake, mdogo achukue kichwa, yaani mashine yenyewe inayokaa juu, maneno yaishe, chakula kije. Mtu yeyote mwenye akili timamu anajua kwamba meza bila kichwa haishoni, na kichwa bila meza ni jiwe. Lakini hawa wawili walikuwa wamebishana tangu asubuhi, na kila mmoja aliona afadhali nusu yake kuliko nzima ya mwenzake. Mdogo akapanda basi na kichwa mapajani, bila kuaga. Majirani wakashika majembe wakaenda kulima, kama methali ya ndugu wakigombana inavyoagiza. Walilima miaka kumi na moja, na kapu la kuvunia hakuna aliyeligusa.

Kwa hiyo mito ilikuwa ya kufungia kichwa. Mama Pindo alikuwa amedhamiria kukichukua, kwa wema au kwa ubaya, na hesabu ya muda alikuwa nayo kichwani. Ndege inatua saa tatu asubuhi, nyingine inaruka saa tisa alasiri. Saa moja ya kwenda, saa moja ya kurudi, nusu saa ya kugombana, robo saa ya kulia ikibidi. Zingebaki saa za kuwahi ndege na kutazama maghorofa, ili naye awe na la kusimulia.

Abiria wenzake walijilaza kwenye viti kama nguo zinazongoja pasi. Yeye akatoka nje, akapanda teksi. Maghorofa aliyaona, na hayakumvutia sana, maana madirisha yalikuwa mengi na alichokiwaza ni nani anayapindia mapazia yote yale. Dereva alikuwa muungwana asiyependa kimya. Alimwonyesha benki tatu na chemchemi isiyotoa maji, akamuuliza anakwenda kwa nani. Mama Pindo akasema kwa adui yake. Dereva akaongeza mwendo.

Ngazi za ghorofa tatu zilimkuta na miaka hamsini na nane na mwili wa kushiba. Alipofika juu hakuwa na pumzi ya kugombana, ikabidi aegemee ukuta kwanza. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha, maana kuhema kwake kulisikika mpaka ndani. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Sindano kwa wembamba na kwa ulimi, alikuwa amesimama pale na futi ya kupimia shingoni. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi zilezile za mama yao, kuanzia kwenye paji. Mama Pindo hakulitegemea hilo.

"Shikamoo, dada," Sindano alisema. "Pita. Usikanyage pazia."

Chumba kizima kilikuwa pazia. Kulikuwa na hoteli iliyotaka mapazia arobaini kufika jioni, na Sindano alikuwa kwenye la thelathini na moja. Kichwa cha cherehani ya mama kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa safi kilichodariziwa ukingoni. Mama Pindo alikiona mara moja, akavuta pumzi, akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi bafuni wiki nzima. Alisema haki ya kifungua mimba haipotei. Alipofika kwenye habari za mjomba, Sindano alikata uzi kwa meno akasema kichwa ni kile pale, akichukue, ila anywe chai kwanza.

Hakuna kitu kinachoudhi kama kujiandaa kwa vita ukapewa chai. Mama Pindo alikaa na nusu saa yake nzima ya ugomvi, na hakuna wa kumpa. Alikunywa. Akalitazama pindo la pazia lililokuwa karibu naye, akaona limekwenda upande. Akalifumua bila kuomba ruhusa. Sindano alimtazama, akamrushia mkebe wa pini. Wakafanya kazi. Waliulizana habari za watoto, za magoti, za presha, za yule mjomba ambaye bado yuko hai na bado anakula. Mama Pindo alicheka mpaka akajichoma pini. Mapazia kumi yaliyobaki yakaisha, na saa saba ikawa imefika.

Kichwa walikishusha wote wawili, mmoja juu mmoja chini, wakipumzika kila ghorofa. Sindano aling'ang'ania kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kwenye teksi begi lenye kichwa na mito lilikaa katikati yao. Mama Pindo aliwaza kwamba mdogo wake anataka kuhakikisha ameondoka kweli, na wazo hilo likampa uchungu ambao hakuwa ameutengea dakika. Wakaagana mlangoni kwa mkono, kama wageni.

Kwenye ukaguzi, begi lilipita kwenye mashine na mashine ikasimama. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza ndani mna nini. Mama Pindo akasema kichwa cha mama yangu. Foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja. Begi likafunguliwa, mito ikatolewa, na wote wakahema. Lakini kilo zilikuwa kumi na mbili, na mwisho ni saba. Dirisha la kupokea mizigo ya ndege yake lilikuwa limefungwa. Alibembeleza, alifoka, alisema atakipakata mapajani kama mtoto. Mkaguzi hakukasirika, wala hakubadilika. Akamwambia aamue, kichwa au ndege, ana dakika ishirini.

Alirudi ukumbini akikikumbatia, jasho likimtoka, akitafuta mtu yeyote wa kumwachia. Sindano alikuwa bado amekaa kwenye benchi la pale pale mlangoni. Kanga ameitandika mapajani, tayari kwa kupokea.

"Hukuondoka?" Mama Pindo aliuliza.

"Nilijua watakukatalia. Mimi walinikatalia hapohapo, miaka minne iliyopita."

Mama Pindo hakuelewa. Sindano akaeleza huku akiitazama kanga. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda nyumbani, amekifunga kichwa kwenye blanketi, anampelekea dada yake. Walipomwambia akipeleke kwenye mizigo, aliogopa kitatupwatupwa kivunjike. Akabishana mpaka ndege ikaondoka, akarudi ghorofa ya tatu.

"Si ungekuja bila hicho kichwa?"

"Ningekuja na uso gani, dada? Mkono mtupu haulambwi."

Mama Pindo alikaa chini kando yake. Miaka hiyo minne yote alikuwa akimsema mdogo wake kwa kila mteja aliyekuja kudai nguo: mwizi, hana haya, hata kuja kutusalimu hawezi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Akaweka kichwa juu ya kanga, akakifunika.

"Nani kakwambia nataka kuulamba mkono wako?" alisema. "Nitarudi nyumbani baada ya miezi miwili. Mwezi wa tatu kutoka leo uje. Uje mikono mitupu, na ukija na zawadi nakufungia mlango."

Sindano alisema atakuja. Halafu ile robo saa ya kulia, ambayo Mama Pindo alikuwa ameitenga akidhani haitatumika, ilibidi itumike kwa dakika nne tu, maana jina lake lilikuwa linatangazwa. Alimwachia mdogo wake mto mmoja akakimbia, kama mtu mnene anavyoweza kukimbia.

Alipokwisha kufunga mkanda alimpigia mumewe haraka kabla simu hazijazimwa. Mumewe, ambaye kumbe alielewa tangu siku ya mito, aliuliza tu kama kichwa amekipata.

"Sijakipata. Sikiliza, hiyo televisheni iondoe juu ya meza ya cherehani ya mama."

"Nikaiweke wapi?"

"Popote. Iondoe, halafu uipake meza mafuta. Sindano anakuja, asije akaikuta imebeba televisheni."