Kuja ni Kwenda

Baba yangu alipotoka nyumbani alikuwa akisema, "Haya, naja mnadani," kisha anaondoka zake. Wageni waliokuwa uani walikaa wakimsubiri arudi. Uji ulipoa, wakaangaliana, na sisi watoto tuliokuwa tumeanza shule tukajificha nyuma ya ghala tukicheka. Tulijua kilichotokea. Kwa Kisukuma, kuja ni kwenda. Baba aliaga kwa heshima zote, ila wageni walisikia kwamba yuko njiani anakuja.

Nilikuwa mdogo wazazi wangu walipohama na ng'ombe kutoka Usukumani hadi Kintinku, kwa Wagogo. Hatukuvuka mpaka wa nchi, hatukuulizwa karatasi yoyote. Ndiyo maana watu hudhani ukihama ndani ya nchi yako huwi mgeni. Unakuwa mgeni hasa, na unalitambua hilo siku ya tangazo. Mama hakusoma shule, na kule alikozaliwa hakuhitaji Kiswahili. Huku habari zote zilikuja kwa Kiswahili cha ofisini au kwa Kigogo cha kisimani. Mwaka mmoja ilitangazwa chanjo ya mifugo. Mama alichoshika ni neno sindano tu, akamwosha mdogo wangu, akamvalisha shati safi na kumpeleka. Walimkuta daktari wa ng'ombe. Mama alirudi akijicheka mwenyewe, lakini zizi letu lilikuwa mbali na siku ilikuwa imekwisha. Ndama wetu hawakuchanjwa, wakaugua, na wengi tuliwafukia.

Nilipofungua kibanda cha kuchaji simu karibu na stesheni, niliwakumbuka wale ndama. Wachungaji wetu hutembea na redio ndogo zinazotumia memori kadi, wakizining'iniza shingoni, na huja kwangu kujaziwa nyimbo. Basi kila siku ya gulio nikawa narekodi habari kwa simu, kwa Kisukuma, na kuziweka mwanzo wa kadi. Anayetaka ngoma ya kwao anapita kwanza kwenye habari: chanjo ni lini, kisima gani kimekauka, nani kafiwa, ng'ombe gani mwenye baka jeupe kapotea, nani kajifungua mapacha. Mama, ambaye sasa ni mzee, alikuwa na redio yake hapo zizini. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie huku, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine habari.

Msimu mmoja mpunga wa bondeni ulipokaribia kukomaa, mwenyekiti wa kijiji alipita kibandani. Aliniomba niwaambie watu wetu waondoe ng'ombe bondeni, waende ng'ambo ya reli mpaka mavuno yaishe. Nilirekodi siku hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata jirani yangu alikuja. Ni Mgogo, anauza maandazi ubavuni mwa kibanda changu, na ni mtani wangu wa miaka mingi.

"Mbukwa, mla michembe," alinisalimu kwa Kigogo, akinitania kwa viazi vyetu vikavu kama kawaida, lakini hakucheka.

"Mbukwa, mla mlenda. Mbona umenuna kama umemeza nzi?"

"Leo sitaki utani. Redio ya mchungaji wenu imepita nyuma ya shamba langu. Ng'ombe, kuja, mpunga. Nimesikia kwa masikio yangu. Mnawaita ng'ombe waje wale mpunga wetu?"

Nilicheka, na kicheko kile kiliharibu zaidi. Alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kisimani. Kabla jua halijapanda sana niliitwa ofisi ya kijiji, nikakuta wakulima wamejaa uwanjani, baadhi na fimbo. Wachungaji wetu nao walikuwa wamesogea, na mama kakaa pembeni juu ya jiwe, akinusa tumbaku yake, hajui kinachosemwa.

Nilimwamkia mwenyekiti. Alinipokea, kisha akasema, "Binti yangu, habari zako zifungwe. Ukisema lugha ambayo jirani zako hawaijui, hiyo ni siri."

"Mzee, kwa Kisukuma kuja ni kwenda. Nimesema ng'ombe waende ng'ambo ya reli, kama ulivyonituma."

Uwanja mzima ulipiga kelele. Mmoja alisema, "Kumbe kwao hata mwizi akija ameenda!" Hapo walicheka, na nikapata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini mtani wangu alinyoosha mkono.

"Wewe usifungue mdomo," aliniambia. "Mama yako Kiswahili hajui. Nitamwambia mwenyewe neno hilo, tuone."

Alikwenda akasimama mbele ya jiwe. Hakupunga mkono wala hakuonyesha njia. Alisema tu, "Mayu, kuja." Mayu ni mama.

Mama alimtazama. Akafunga tumbaku yake, akajitanda kanga vizuri, akaokota fimbo, akashika njia ya nyumbani. Baada ya hatua chache aligeuka akaniuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, amekosa nini hata afukuzwe na muuza maandazi. Nilipowatafsiria, hata wenye fimbo waliziegemea wakicheka. Mtani wangu alimkimbilia mama na kumrudisha kwa mikono miwili.

Nilidhani yamekwisha. Mwenyekiti akasema, "Vema, tumeelewa. Lakini kuanzia leo utasema Kiswahili tu."

Nilimheshimu mzee yule, na bado namheshimu. Lakini nilimwona mama amekaa tena kwenye jiwe lake, na nikajua Kiswahili tu maana yake ni yeye kurudi kule kwenye shati safi na sindano.

"Hapana, mzee," nilisema. "Kiswahili nitaongeza, Kisukuma sitaondoa. Anayechunga ng'ombe ndiye anayepaswa kusikia tangazo la ng'ombe. Asipolielewa, mpunga wenu utalindwa na nani?"

Sikuwa nimezoea kumwambia mkubwa hapana.

Mtani wangu ndiye aliyedakia. "Mwacheni. Mimi nitakaa naye akirekodi. Neno nisilolijua atanieleza hapo hapo, na mimi nitawaambia Wagogo kwa Kigogo. Sikio langu ndilo lililoanzisha vurugu, acheni lifanye kazi."

Mwenyekiti alifikiri, akatoa sharti. Habari ziendelee, lakini ng'ombe mmoja akionekana kwenye mpunga kabla ya mavuno, kibanda changu kibaki cha kuchaji simu tu.

Nilirudi nikarekodi upya. Mtani wangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akinikatiza kila mara. "Hilo ni nini? Na hilo?" Nilieleza yote, mengine mara mbili, na simu ikachukua kila kitu, mpaka anavyonitania kuhusu sauti yangu ya pua. Kadi zilizunguka mazizi yote. Jioni ile ng'ombe walivuka reli kwa makundi, vumbi likasimama juu ya stesheni, na mama alikuwa mbele ya kundi letu na redio shingoni, akiwapigia kelele wanaochelewa.

Mpunga ulivunwa bila kwato hata moja kuingia. Mtani wangu aliniletea mchele mpya kwenye ungo, akaniambia niupike vizuri nisiuchanganye na michembe.

Habari zinaendelea. Wachungaji sasa hudai sehemu ya muuza maandazi isikatwe, maana maswali yake ndiyo wanayoyapenda kuliko ngoma. Juzi tulipomaliza kurekodi mtani wangu alibeba ndoo yake, akanyoosha mgongo na kusema, "Haya, naja."

Nilibaki nimekaa. Nilijua ameaga kwa Kisukuma, harudi mpaka kesho.