Bei ya Kanga Kivinje

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, dada yangu alipowatangazia wanawake uani kwetu Masoko kwamba sare ya harusi ya binti yangu itanunuliwa duka moja tu. Kanga ilikuwa ya zambarau, korosho za njano pembeni, doti moja kwa shilingi elfu kumi na sita. Wanawake walikuwa karibu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sababu ya kuchagua duka moja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikitengeneza pampu ya maji ya jirani. Niliweka spana chini nikasikiliza.

Dada huyo ni mkubwa wangu na ndiye shangazi pekee wa bibi harusi. Kwetu harusi haiendi bila shangazi. Yeye ndiye anayekaa ndani na mwali, ndiye anayemfunda, na ndiye anayetoka kuwajibu watu wa upande wa mume wanapokuja na maneno yao. Yote hayo nayajua. Lakini nimeishi na mafundi na wauza vipuri miaka mingi, na najua kwamba anayekuelekeza duka moja mara nyingi ana chake huko.

Jioni nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Umeanza," alisema.

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza. Umeshajibu, sasa unatafuta ushahidi."

Mimi na mke wangu tuna desturi ya kutembelea maduka siku za Jumapili. Hatuendi mbali. Mara Tingi, mara Kivinje, na tukipata nafasi tunafika Lindi mjini. Tunapenda maduka madogo ambayo mwenye mali ndiye anayeuza, kwa sababu ukimwuliza kitu kimetoka wapi inambidi akujibu akiwa anakutazama. Yeye hupenda vitambaa na vyombo. Mimi hutafuta vitabu vilivyotumika, ambavyo huko kwetu huuzwa pamoja na misumari na kamba. Shule niliishia darasa la saba, na mengi ninayoyajua kuhusu mota na umeme niliyapata katika vitabu vya namna hiyo, vingine vikiwa havina kurasa za mwanzo.

Jumapili ile tulikwenda Kivinje. Mke wangu alidhani tunakwenda kutembea kama kawaida, na kwa saa mbili za kwanza ilikuwa hivyo kweli. Tulikunywa kahawa, tukala halua. Karibu na soko kulikuwa na mashindano ya bao, mtaa kwa mtaa, watu wamezunguka tabaka tatu, na kila kete zilipotua wenye sauti walizipigia kelele. Nilisimama hapo nikifurahi, mpaka nilipoanza kuutazama mkono wa kushoto wa mchezaji mmoja, ambao ulikuwa haufunguki vizuri. Nilimnong'oneza mke wangu kwamba yule ameficha kete.

"Yule ana kidonda," alisema. "Kitambaa hukioni?"

Nilikiona baadaye. Lakini kitambaa nacho huweza kuficha kete.

Duka la kanga lilikuwa nyuma ya soko, la mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Kanga ya zambarau yenye korosho za njano ilikuwa imetundikwa mlangoni, maandishi yaleyale.

"Shilingi ngapi, mama?"

"Elfu kumi na tatu. Kumi na tatu, baba, na sishuki."

Kama elfu kumi na sita ilinitia shaka, elfu kumi na tatu ilinitia shaka zaidi. Niliishika kanga nikaipima upana kwa shubiri, nikaivuta uzi pembeni, nikaipeleka juani nikaitazama mbele na nyuma, nikainusa.

Yule mama alivua miwani. "Baba, unanunua kanga au unaposa?"

Waliokuwa dukani walicheka, na mke wangu alicheka kuliko wote. Nilinunua doti sita, za watu wa nyumba yangu. Njiani kurudi nilimweleza mke wangu tofauti ya bei, naye akanijibu tulipoteremka njia panda kubadilisha gari.

"Usimwulize wifi yangu mbele za watu," alisema. "Ukiwa na neno, mwendee kwake."

Kwanza nilitaka uhakika. Jumatatu nilikwenda kwenye duka lile la Masoko, ambalo muuzaji wake ni kijana asiyenifahamu. Nilijifanya mtu wa Kikole anayetafuta sare.

"Nikikuletea wanawake ishirini, mimi napata nini?"

Sikutarajia ajibu haraka vile. "Kila ishirini wakishalipa, mzee wangu, doti ya ishirini na moja ni yako. Hiyo siyo siri. Kuna mama juzi amechukua yake, ana watu wa harusi."

Nilimshukuru nikatoka. Sikufurahi, lakini nilisikia kile anachosikia fundi anapoigusa waya na kukuta kweli ndiyo iliyokatika.

Jumamosi iliyofuata kikao kilikaa tena, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi. Nilipiga hodi nikaingia uani.

"Karibu, baba harusi!" mmoja alipaza sauti. "Umekuja kupimwa gauni?"

"Mpeni upepeo atupepee!"

Niliwaacha wacheke wamalize. Kisha nikasema kwamba kanga hiihii ipo Kivinje kwa elfu kumi na tatu, na kwamba nyumbani kwangu zipo sita kama ushahidi. Wanawake wawili waliokuwa bado hawajanunua wakatazamana.

"Dada," nikasema, "duka la hapa hutoa doti moja ya bure kwa kila ishirini. Umepewa, au hujapewa?"

Mke wangu, aliyekuwa mlango wa jikoni, aliweka mkono mdomoni.

Dada yangu hakusimama. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, na alinijibu kama mtu aliyeulizwa saa.

"Nimepewa. Moja. Ipo ndani kwangu."

"Na hukuwaambia watu."

"Sikuwaambia. Sasa nami nikuulize, mdogo wangu. Sare yangu iko wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Bibi mmoja aliyekuwa kando yake, dada wa marehemu mama yetu, ndiye aliyeelewa kwanza. Alinigeukia polepole.

"Hukumpelekea?"

Kwetu shangazi hajinunulii sare. Baba wa bibi harusi humpelekea mwenyewe, imekunjwa, kabla mwanamke mwingine yeyote hajaivaa. Marehemu baba yangu aliwafanyia hivyo dada zake wote, nami nikiwa mtoto niliwahi kutumwa kumbebea. Binti huyu ndiye wa kwanza kuolewa nyumbani kwangu. Niliulizia maturubai, nikaulizia mapishi, nikakagua hata jenereta ya kukodi, na hilo halikunijia kichwani hata siku moja.

"Juma zima nimengoja," dada yangu alisema. "Nikisikia pikipiki nasema ndiyo yeye. Hukuja. Nivae nini mbele ya wakwe? Nikuombe? Au ningenunua mwenyewe, watu waseme shangazi kajinunulia? Dukani walinipa bila kuombwa, nikapokea. Huo ndio wizi wangu."

Dada yangu alikusanya mkoba wake, akasimama kwa kushika bega la yule bibi.

"Basi nendeni Kivinje," akasema. "Mkifika, ulizieni na shangazi. Huenda naye huko ni rahisi."

Akatoka. Kutoka chumbani nilimsikia binti yangu akilia.

Nilimwuliza mke wangu kwa nini hakunikumbusha. "Nilijua umepeleka," alisema. "Na kama ningekukumbusha, ungesema nimetumwa."

Kweli, ningesema hivyohivyo.

Siku hiyohiyo alasiri nilirudi kwenye lile duka la Masoko, safari hii bila kuwa mtu wa Kikole, nikanunua doti moja kwa elfu kumi na sita. Sikuomba kupunguziwa. Niliikunja mwenyewe nikaenda nayo kwa dada yangu. Alinikuta barazani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliitazama kanga, hakuipokea. "Uliniuliza wapi?"

"Uani."

"Mbele ya nani?"

"Ya wanawake."

"Basi unajua pa kuipeleka."

Nilingoja hadi kikao kingine, siku ya Jumanne, kilichoitishwa kwa ajili yangu. Kwa siku hizo tatu binti yangu hakunisemesha, na upande wa mume ulileta ujumbe kuuliza nani atawapokea. Niliwaambia atawapokea shangazi yake, nikiwa sijui kama nasema kweli.

Jumanne nilipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya wanawake wale wale, nikaiweka kanga mapajani mwa dada yangu. Nikasema kwamba nilimshuku, na kwamba deni lilikuwa langu tangu mwanzo. Kisha akaikunjua, akajifunga juu ya nguo alizovaa, na vigelegele vikapigwa.

"Na ile ya dukani?" mmoja akauliza.

"Atavaa wifi yangu," dada akajibu. "Ndiye aliyeolewa na huyu."

Wakanitoza faini ya chai ya kikao: sukari kilo tano na majani. Ikawa shilingi elfu kumi na saba. Kivinje nilikuwa nimeokoa elfu kumi na nane kwa doti zile sita, ukitoa nauli za watu wawili elfu kumi, na kahawa na halua elfu tatu. Ile elfu kumi na sita ya sare ya dada siihesabu, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Kwa hiyo jumla ya hasara yangu ni shilingi elfu kumi na mbili.