Ushirika Uliopanda Ngazi

Siku ya kwanza ya utumishi wangu nilikabidhiwa kisanduku cheusi chenye kikombe kidogo, kisahani na chupa ya divai inayoenea kiganjani. Ndicho chombo cha kupelekea Chakula cha Bwana kwa wasioweza kufika ibadani. Mchungaji hubariki mkate na divai, mzee wa kanisa huvipeleka. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi kiwandani, nikasimama mbele ya Mchungaji wetu wa kwanza katika ukumbi wa mtaa wa Bordesley Green, hapa Uingereza, ambao tuliutumia Waingereza wakishamaliza ibada yao. Nilikuwa bado kijana, ingawa cheo chenyewe ni cha mzee.

Mchungaji yule, Mtanzania aliyesema polepole, alinipa maagizo machache.

"Usiwe kama mleta piza," alisema. "Yeye hukabidhi mlangoni akaondoka. Wewe keti. Chai ikija, inywe. Ukishajua mtu anaumwa nini na amemkasirikia nani, ndipo ufungue sanduku."

Nilifanya kazi hiyo Jumapili baada ya Jumapili. Nilijifunza kusubiri sebuleni wakati wajukuu wakizungumza Kiingereza juu ya kichwa changu, na kupokea chai ya Wakenya, ya Watanzania na ya Wakongo bila kusema ipi bora.

Nieleze utaratibu mmoja ambao vijana wetu waliozaliwa hapa hawaufahamu vizuri. Mshiriki anayeishi na mwenzi bila ndoa yao kubarikiwa hutengwa, maana yake anakuja ibadani lakini hashiriki Meza ya Bwana. Akitubu, husimama mbele ya ushirika, yaani washiriki wote, mchungaji akawauliza kama wanampokea, nao wakajibu. Huko ndiko kurudi kundini. Wengi huona ni kumwaibisha mtu. Mimi nilizisoma kanuni za kanisa peke yangu, jioni baada ya kazi, nikaona zina sababu. Kosa lililojulikana na wote husamehewa mbele ya wote, na baada ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kulinong'ona.

Mama Neema wa Hodge Hill alikuwa ametengwa. Bwana aliyeishi naye hakutaka kusikia habari za ndoa ya kanisani. Kila Jumapili mama huyo aliketi safu ya mwisho karibu na mlango, na wenzake walipoinuka kwenda mezani, yeye alibaki akiwashikia watoto wao wachanga. Bwana yule alipofariki, mama alimwambia Mchungaji wetu wa pili kwamba sasa anataka kurudi kundini. Siku ikapangwa. Kabla haijafika, saratani iliingia kwenye mifupa, na hakuweza tena kusimama wala kushuka ngazi za nyumba yake. Daktari alishamwambia binti yake, Neema, ajiandae.

Nilikwenda kumwona, na sanduku nililichukua. Chai ililetwa, nikainywa. Kisha nikamwambia kwamba mkate umo, na kwamba Mungu anaujua moyo wake.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nilitengwa watu wote wakisikia. Usinirudishe kwa kujificha."

"Lakini kanisani hutaweza kufika, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimeshindwa kulala."

Nilirudi na sanduku kama lilivyokuwa, nikalipeleka jambo kwenye baraza la wazee. Mchungaji wa pili alikuwa mtu mnyoofu, na siku ile macho yake yalikuwa mekundu. Kanuni inasema mbele ya ushirika, alitueleza; akiivunja kwa anayempenda, atamwambia nini yule asiyempenda? Ndipo akazungumza Papa Kasongo, mzee mwenzetu kutoka Kongo.

"Pasta, ule mama hawezi kuya. Lakini sisi tuko na miguu. Twende kwake."

Mzee mmoja Mkenya akamuuliza, na hilo tumbo lake kubwa atalikalisha wapi katika nyumba ile ndogo. Papa Kasongo akasema atalikalisha kwenye ngazi. Mchungaji hakucheka. Alifunua kanuni, akasoma, akazifunika.

"Hakuna mahali zinaposema ushirika ukutane wapi," alisema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikwenda Hodge Hill. Tulijaa chumbani, tukajaa ngazi, sebule na jikoni. Waliobaki walisimama bustanini hadi kando ya barabara. Jirani Mwingereza alitoka akiwa na huzuni usoni, akauliza ni lini amefariki. Akaambiwa hajafariki, yuko juu, anarudi nyumbani. Jirani akabaki pale pale, akavua kofia.

Mama Neema aliegemezwa kwa mito, kitambaa cheupe kichwani. Alisema maneno yake ya toba kwa sauti ndogo, na Papa Kasongo, kutoka kwenye ngazi, akayarudia kwa sauti kubwa ili walio chini wasikie. Mchungaji akauliza, "Ushirika, mnampokea?"

Sisi wa chumbani tulijibu kwanza. Kisha wa ngazini wakajibu, kisha wa jikoni, na mwisho sauti za nje zikaingia dirishani, zimechelewa na hazilingani. Nilikuwa nimeshafungua sanduku, Mchungaji ameshika mkate. Mama Neema aliinua kidole tusubiri. Alisikiliza mpaka yule wa mwisho barabarani alipomaliza kusema "tunampokea". Ndipo akafungua kinywa.

Tulimzika kabla ya baridi kuisha.

Mwaka huu nimeng'atuka. Aliyepokea sanduku aliniuliza kazi hii inataka nini hasa, nikamwambia anywe chai na azisome kanuni hadi mwisho. Ningependa kumwambia zaidi, lakini uaminifu sijapata kuujua nje ya mambo kama hayo.

Siku hizi sina kiti cha wazee mbele. Naketi safu ya mwisho karibu na mlango, pale alipokuwa akiketi yeye, na mama kijana akitaka kwenda mezani namshikia mtoto hadi arudi. Kisha nainuka mimi. Kutoka pale hadi mezani ni mbali kuliko nilivyodhani miaka yote niliyokuwa mbele.